Shahidi wa Theluji

Mjomba wangu huweka ski zake, mbao ndefu za kutelezea theluji, juu ya kabati la nguo, zimefungwa kwa shuka, na mara moja kwa mwaka, baridi ya Juni inapoanza, huzishusha akazipiga pasi. Nilipoona jambo hilo mara ya kwanza nilidhani ananitania. Alikuwa amepanga viti viwili vya jikoni kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba aliyopanga Queensburgh, akazilaza ski juu yake chali. Mkono mmoja ulishika pasi kuukuu, mwingine kipande cha nta. Nta iliyeyuka ikadondoka matone matone, naye akaitandaza kwa pasi, taratibu, kama mtu anayenyoosha shati la jeneza.

"Mjomba, theluji iko wapi hapa Durban?"

"Haiko."

"Sasa nta ya nini?"

"Usipozipaka zinakauka," alisema. "Zenyewe hazijui kama ziko Durban."

Nilicheka. Wakati ule nilikuwa na miezi michache tu mjini, nimekuja kusomea shahada ya pili ya historia, nimepanga chumba Glenwood karibu na chuo. Kila Jumapili nilipanda taxi kwenda kula kwake. Katika idara yetu tulifundishwa kuuliza kila hati imeandikwa na nani na kwa faida ya nani, na mimi nilikuwa mwanafunzi mwepesi. Nilimuuliza mchungaji kwa nini anaomba kwa sauti kubwa kuliko anavyohubiri. Nilimuuliza mwenye nyumba wangu kwa nini amana ya chumba hairudi. Kitu kimoja tu sikuwahi kukiuliza, kwa sababu nilikunywa nacho uji: kwamba mjomba, kaka wa mama yangu, aliwahi kuwa wa kumi na tisa katika mbio za kuteleza kwenye theluji huko Ulaya.

Mama alinisimulia hadithi hiyo kambini Kigoma, nilikozaliwa. Babu alipofariki Bujumbura, muuguzi mmoja Mfaransa aliyefanya kazi na bibi alimchukua mjomba, akiwa na miaka saba, akaenda kulelewa naye na mumewe katika kijiji cha milima ya Alpi. Huko watoto huteleza kwenye theluji kama sisi tulivyocheza mpira wa matambara. Akajifunza, akaingia kwenye mashindano, akashindana mpaka goti lilipomsaliti akiwa na miaka thelathini na moja. Mashindano madogo mengi, na makubwa mara moja. Katika hayo makubwa, kati ya vijana zaidi ya sabini waliozaliwa na theluji, alimaliza wa kumi na tisa. Nilipoleta matokeo mabaya ya hesabu, mama hakunichapa. Alisema tu, "Mjomba wako aliwapita Wazungu kwenye theluji yao, wewe unashindwa na sehemu?" Nikarudi kwenye daftari.

Mjomba mwenyewe aliisimulia kwa ufupi, tena akiombwa. Alifika Durban kumuuguza dada yao mdogo, akamzika, akabaki. Alipata kazi Clairwood kwenye ghala moja la mizigo, kuwaelekeza madereva wa malori wanaporudi kinyumenyume. Siku moja nilimpelekea simu aliyoisahau, nikamkuta amesimama kando ya uwanja, macho amefumba, kiganja kikipinda kushoto, kulia, kushoto. Wenzake walipita bila kumjali. Aliniambia baadaye kwamba asubuhi ya mbio wanateleza polepole kando ya njia, wanaangalia fito zilivyosimikwa, kisha kila mtu anafumba macho na kuipita njia nzima kichwani. Yeye sasa alifanya hivyo na malori.

Basi mwaka jana, nikiikwepa sura ya pili ya tasnifu yangu, niliandika jina la mjomba kwenye simu pamoja na jina la mji wa yale mashindano. Nilitaka kumpatia mama picha, kama ipo. Picha haikuwapo. Kulikuwa na orodha ya matokeo, majina kwa nukta za sekunde. Wa kumi na tisa alikuwa mtu mwingine. Jina la mjomba lilikuwa chini kabisa, pembeni yake herufi tatu zinazomaanisha mshindani ameondolewa, na namba ya lango: hamsini na moja.

Niliisoma nikiwa kitandani, tumbili wakikimbizana juu ya bati. Nilichohisi hakikuwa huzuni, bali hasira ya mtu aliyeibiwa. Nilimfikiria mama na ule uji, na jinsi alivyokuwa akilitamka neno "tisa". Nilipaswa kumwuliza mjomba Jumapili iliyofuata. Nilikwenda, nikala ndizi zake na maharagwe, nikarudi. Jumapili ya pili vilevile. Nilijiambia ninamheshimu. Kusema kweli niliogopa asije akanijibu.

Wiki ya tatu akanipa habari kwamba anaoa.

Mchumba wake alikuwa mjane wa Kirundi, fundi cherehani, mwanamke mwenye kicheko cha chini. Wazazi wake hawako, kwa hiyo aliyepaswa kuombwa ni kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa na fundi wa friji. Sisi Warundi siku ya kuomba mchumba tuna mchezo wake, hata hapa ugenini. Pande mbili hukaa zikitazamana. Kila upande una msemaji. Msemaji wa bwana harusi husifu bila aibu, msemaji wa bibi harusi hukataa kila kitu na kudai ushahidi, wanachokozana hata saa nzima, na wote wanajua mwisho wake. Bibi harusi haingii mpaka aitwe. Bwana harusi yupo, kwenye kiti cha mbele, lakini hasemi neno. Akizungumza, amejidhalilisha na kuwadhalilisha waliokuja naye. Ndugu zetu Durban ni wachache, basi mjomba akaniomba niwe miongoni mwa watu wake.

Msemaji wetu alikuwa mwalimu mstaafu anayefanya kazi hiyo katika kila harusi ya Warundi mjini. Alinishika bega mlangoni.

"Wewe, mama, ni shahidi wetu. Unasoma master's, bon. Wakiuliza kama ni kweli, unasimama, unasema ni kweli, unakaa. Kwisha."

"Wakiuliza nini?"

"Chochote. Ni kweli. Sharp?"

Nikasema sharp.

Ilikuwa Jumamosi mchana, sebuleni kwa yule kaka. Soda na bia zilikuwa zimepangwa mezani katikati, vizibo juu, kwa sababu hazifunguliwi mpaka upande wa bibi harusi ukubali. Kulikuwa na wageni Wakongo, kwa hiyo wasemaji walizungumza Kiswahili. Kaka mtu aliamua kuusemea upande wake mwenyewe, na alikuwa mkali.

"Mnasema mmeleta kijana," alisema. "Mimi naona mzee mwenye mvi. Kijana iko wapi?"

"Mvi hizo ni theluji," alijibu mwalimu. "Imemganda. Kijana wetu alikuwa bingwa wa theluji ya Ulaya. Alipita milima kama swala, Wazungu wakabaki nyuma wakifuta miwani."

Watu walicheka. Mjomba alitazama viatu vyake, akitabasamu.

"Theluji," kaka alisema. "Mimi ni fundi wa friji. Barafu naijua, kila siku natia mkono. Mtu mweusi na barafu, ni friji imeharibika ndiyo inawakutanisha. Mlimwona nyinyi akiteleza?"

"Tunaye shahidi. Msomi wa chuo kikuu, anaandika kitabu." Mwalimu akanyoosha mkono kwangu. "Mama, simama."

Nilisimama. Hata leo naweza kuuhisi mshono wa lile zulia chini ya soli.

"Binti," kaka aliniuliza, "mjomba wako alishinda?"

Nilipaswa kusema ndiyo. Neno moja, na Kiswahili kina mengi ya namna hiyo. Lakini nyuso zote zilinigeukia, na mimi nikaona chumba kizima kinafanya kile alichofanya mama kambini: kuamini kwa sababu inapendeza. Nikajiambia kuna heshima kubwa zaidi ya kukubali. Nikatoa simu.

"Nimeangalia orodha rasmi," nikasema. "Hakushinda, na hakuwa wa kumi na tisa. Aliondolewa. Imeandikwa."

Mgeni mmoja alianza kucheka, akidhani ni sehemu ya mchezo, akakatiza. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyeona mtoto akimwaga chungu cha watu. Mjomba hakuinua uso. Masikio yake yalisogea nyuma kidogo, kama ya mtu anayekaza taya. Nilimngoja aseme kitu, nami nilijua kwamba hawezi. Nilikuwa nimemshtaki mtu mahali pekee Durban ambapo kanuni inamkataza kujibu.

Kaka aliiomba simu, akavaa miwani, akasoma. Alinirudishia.

"Bon," alisema, na sauti yake ya mchezo ilikuwa imeondoka. "Mimi dada yangu nilimwoza mara ya kwanza kwa mtu aliyesema ana shamba. Shamba haikuwapo. Mtu akidanganya kitu ambacho hakina faida, atadanganya nini kikiwa na faida? Tunashukuru mmekuja. Tutawaita."

Vinywaji vilibaki na vizibo vyake. Tulipotoka nilimsikia mwanamke mmoja jikoni akiuliza kama wali urudishwe kwenye sufuria.

Mjomba alinirudisha Glenwood kwa bakkie, pikapu yake ndogo. Hakuwasha redio. Kwenye robot ya mwisho kabla ya mtaa wangu, taa ikiwa nyekundu, nilisema, "Mjomba, ungeniambia."

"Hukuniuliza, mama."

Aliegesha chini ya nyumba yangu, akazima gari, akanieleza, akiutazama usukani.

Alikuwa namba sabini na moja kuanza. Wanaoanza mwisho hukuta njia imechimbika kama barabara ya malori wakati wa mvua. Kulikuwa na ukungu. Unapita lango baada ya lango, na ski zote mbili lazima zipite upande ule ule wa ufito. Malango machache kabla ya mwisho alihisi ufito unamgonga upande wa ndani wa kiatu cha kushoto. Ski moja ilipita huku, nyingine kule. "Huoni," alisema. "Ni haraka mno. Mguu ndio unajua." Mwamuzi wa pale alikuwa ameinama anasimika upya ufito uliong'olewa na aliyetangulia. Hakuona. Mjomba akafika chini, ubao ukaandika kumi na tisa. Baba yake mlezi alilia, akakimbia kwenye simu.

"Majina ya walioondolewa yanabandikwa," alisema. "Watu wanapewa robo saa ya kulalamika. Nilisimama pale nikisoma karatasi. Jina langu halikuwapo. Nilisimama robo saa nzima. Halafu nikaenda kwenye kibanda chao nikawaambia, lango la hamsini na moja, ufito umepita katikati ya miguu yangu. Mmoja akaniuliza kama najua ninachosema."

"Ukawaambia mwenyewe?"

"Nani mwingine aliyejua?"

Alipotoka kibandani, baba mlezi alikuwa ameshapiga simu Bujumbura, kwa padri, na padri alikuwa ameshamwita bibi. Bibi alikuwa ameshacheza uani na majirani. Mjomba alisema atapiga siku nyingine kuwaeleza. Kisha vita ikawatawanya, na habari ile ikakimbia nao mpaka Kigoma, pamoja na sufuria na mikeka. Alipokuja kukutana tena na mama yangu, miaka mingi baadaye, alikuta amenilea kwayo.

"Ningeanza wapi?" aliuliza. "Nimwambie mama yako nini?"

Nilimwuliza kama mchumba wake anajua. Alimweleza wiki ile ile walipojuana, akasema. Akawasha gari.

Nilipanda ngazi na kuifungua tena ile orodha. Walioanguka njiani, walioshindwa kumaliza, walikuwa na herufi nyingine. Za mjomba zilikuwa za mtu aliyefika mwisho. Tofauti ilikuwa mbele yangu wiki zote hizo, mstari kwa mstari, na mimi ninayejiita mtu wa kuuliza sikuiuliza. Niliona neno moja lenye aibu nikaona inatosha.

Siku kumi zilipita. Mwalimu mstaafu aliacha kuitikia salamu yangu kanisani, na nilimwelewa. Mjomba alinipokea Jumapili kama kawaida, ndizi na maharagwe, na wema wake ulinikwaruza kuliko kama angenifukuza. Simu yake haikulia. Kila ilipomulika aliigeuza kifudifudi.

Nilijua lazima niende kwa yule kaka. Nilijua pia kwamba sina kitu mkononi. Orodha inasema ameondolewa. Haisemi nani alimshtaki. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo mjomba halijui mpaka leo: niliandikia baruapepe klabu ya ule mji wa mashindano, kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, nikauliza kama kuna rekodi ya mshindani kujishtaki mwenyewe. Alinieleza habari hiyo ndani ya gari, nami nikaenda kuihakiki. Nilingoja siku nne. Hakuna jibu. Siku ya tano nilipanda taxi kwenda karakana ya friji.

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji moja ndefu ya duka, mkono mzima ndani.

"Binti wa simu," alisema bila kugeuka. "Umeniletea orodha ingine?"

"Shikamoo. Hapana. Nimekuja kusema nilikosea."

"Nilisoma na miwani yangu. Uliyosema yaliandikwa."

Nilimweleza yote, ukungu, ufito, ile robo saa. Alisikiliza, akatoa mkono, akaufuta kwa kitambaa.

"Una karatasi?"

"Sina."

"Kuna mtu aliona?"

"Hakuna."

"Eish. Juzi ulikuwa na karatasi bila habari, leo una habari bila karatasi. Hiyo unaijua, au unaiamini?"

Nilijua tofauti ya maneno hayo mawili kuliko mtu yeyote mtaani kwao. Nimeandika kurasa arobaini juu yake. Nikafikiria barua iliyokuwa haijajibiwa.

"Naijua," nikasema.

Alitupia kitambaa begani. "Dada yangu anasema hivyohivyo. Kwa sababu yenu ameacha kunipikia. Wiki mbili nakula mkate." Akarudi kwenye friji. "Mwambie mwalimu arudi Jumamosi. Lakini hadithi hiyo ya kibanda usiilete mbele ya wazee. Watauliza mtu gani anaenda kujishtaki mwenyewe, na watasema ni mjinga. Mwizi watamsamehe. Mjinga hawamwozeshi."

Jibu la klabu lilifika asubuhi ya Jumamosi hiyo, nikiwa navaa. Katibu aliandika kwa upole kwamba karatasi za waamuzi za miaka ile hazikuhifadhiwa, na aliyekuwa mkuu wao amefariki. Alinitakia siku njema. Niliifuta barua ile, na kuifuta hakukunisaidia, kwa maana najua kwamba niliandika.

Sebule ilikuwa ile ile, vizibo juu vilevile. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwalimu alisifu, kaka alikataa, wakachokozana, lakini kwa uangalifu, kama watu wanaopita kwenye sakafu iliyopigwa deki. Kisha kaka akanyoosha shingo.

"Nasikia leo pia mna shahidi. Yule mwenye simu. Amekuja?"

Baadhi walicheka kwa pua. Nilisimama.

"Simu iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Afadhali. Binti, mjomba wako alishinda?"

"Alishinda," nikasema.

"Wa ngapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mwalimu alifumba macho.

"Wa kwanza," nikasema.

Chumba kililipuka. Mwalimu alipiga makofi mpaka miwani ikamshuka, Wakongo wakaanzisha wimbo, mtu akapita na kifungulio, na vizibo vikaanza kudondoka kwenye sinia kimoja kimoja. Bibi harusi aliitwa, akaingia na kicheko chake cha chini, akakaa kando ya mjomba. Walimpongeza kwa ushindi wa theluji. Mzee mmoja alitaka kujua kama kombe alilileta Afrika. Nikaelewa nilichofanya. Ile robo saa mbele ya ubao, kitu pekee katika maisha yake ya mashindano ambacho hakuna mwingine angekifanya, nilikuwa nimekifunika kwa cheo ambacho hakukitafuta, na kuanzia siku hiyo mjini Durban ndicho kitakachosimuliwa.

Yeye hakuruhusiwa kusema kitu. Aliinamisha kichwa wakati wakimshangilia. Mchumba wake alikuwa ameweka kiganja juu ya goti lake bovu, na chini ya kiganja hicho mkono wa mjomba ulikuwa unapinda polepole, kushoto, kulia, kushoto, mpaka mahali fulani, malango machache kabla ya mwisho, ukasimama.